Tembe ya Njano ya Ufuo wa Opuk

Saa tatu asubuhi, mashua ya kuchota mchanga inagusa ufuo wa Opuk kwenye Ziwa Victoria, magharibi mwa Kisian, na wanaume saba wanashuka wakijikuna.

Wanajikuna mapajani, viunoni na kwenye vifundo vya miguu, bila haraka, jinsi mtu mwingine anavyojifuta jasho. Hakuna anayelalamika. Kila mmoja anakwenda moja kwa moja kwenye sufuria ya Dorca Adongo, anapokea kikombe cha uji wa wimbi kwa mkono mmoja, kisha ananyoosha kiganja cha mkono wa pili.

“Mama Winny, lete ya njano.”

“Ya njano sitoi. Kuna nyeupe.”

“Nyeupe kaa nayo.”

Mazungumzo haya hufanyika hapa kila siku ya kazi, kwa maneno yaleyale, na Dorca, ambaye hapa huitwa kwa jina la mwanawe, anasema ameacha kutarajia kwamba yatabadilika.

Ana umri wa miaka arobaini na sita. Ni mhudumu wa afya ya jamii, cheo kinachoambatana na begi la buluu, fulana yenye maandishi mgongoni, na posho inayochelewa kiasi kwamba anayeitegemea atakuwa amekufa kabla haijafika. Uji ndio unaolisha nyumba. Begi hukaa kando ya sufuria, na ndani yake mna dawa ambayo wanaume hawa wanaihitaji na ile ambayo wanaitaka. Si dawa moja.

Inayohitajika ni prazikwanteli, tembe nyeupe, ndefu, chungu, ya kuua minyoo ya kichocho. Inayotakiwa ni ile ya njano, ndogo, ya kutuliza mzio, ambayo Kenya nzima huiita piriton. Haiui mnyoo. Haijawahi kudai kwamba inaua. Inaondoa mwasho na kumletea mtu usingizi, na huo ndio mwisho wa sifa zake katika jambo hili.

Mwasho huanzia majini. Vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa ziwani hutoboa ngozi ya mchota mchanga aliyesimama kwenye maji ya kifua, na ngozi hulalamika kwa saa chache. Tembe ya njano huinyamazisha. Vijidudu, ambavyo havikuwa vikilalamika, huendelea na safari hadi kwenye mishipa ya ini na utumbo, hukomaa, huoana na kutaga mayai kwa miaka.

“Mtu akiacha kujikuna anasema amepona,” anasema Dorca. “Ni kama mbwa amebweka, mwizi ameshaingia ndani, wewe unampiga mbwa ndio anyamaze. Kisha unalala.”

Imani ya tembe ya njano ina chanzo, na chanzo hicho kinalala nyumbani kwa Dorca. Ni mume wake.

Oketch ana miaka karibu hamsini na ameshuka majini tangu alipoacha shule. Ndiye kiongozi wa mashua: anachagua mahali pa kuchimba, anashika beleshi la kwanza, na neno lake kuhusu upepo halipingwi. Mwaka jana, timu ya afya ilifika Opuk siku ya Jumanne, asubuhi, ikawapanga wanaume kwenye mstari kabla ya kazi na kuwamezesha tembe nyeupe. Kwamba dawa hiyo humezwa baada ya chakula lilikuwa jambo linalojulikana. Kwamba wachota mchanga hushuka majini bila kula lilikuwa jambo linalojulikana pia. Maarifa hayo mawili hayakukutanishwa.

Anayebeba minyoo mingi zaidi huumizwa zaidi inapokufa. Ndani ya saa moja Oketch alikuwa anatapika juu ya mchanga wake mwenyewe, mwili mzima umefura vipele kama aliyeviringishwa kwenye upupu. Dorca alikimbia na begi, akampa tembe moja ya njano. Kufikia adhuhuri vipele vilikuwa vimeshuka, na Oketch alikuwa ameketi akiomba chai.

Mashua nzima ilitazama. Walichokiona kilikuwa sahihi. Walichohitimisha hakikuwa.

“Nyeupe ilikuwa inaniua, njano ikaniokoa,” anasema Oketch, bila kupepesa macho. “Wewe ungeamini gani?”

Ni swali lenye mantiki, na huo ndio ubaya wake. Semina iliyofanyika hotelini mjini Kisumu miezi michache baadaye, Dorca akiwa amealikwa, ilihitimisha kwamba jamii za ufuoni zinahitaji kuhamasishwa. Dorca alirudi na kalamu mbili na chupa ya maji. Jamii ya Opuk ilikuwa imekwisha kuhamasishwa, na mhamasishaji wake alikuwa na vipele.

Kisha sayansi ikaongeza msumari. Mwanafunzi mmoja kutoka Bondo, mpwa wa mmoja wa wavuvi, alituma kwenye kundi la simu la ufuo habari kwamba watafiti wa ng’ambo wamejaribu baadhi ya dawa za mzio kwa panya wenye kichocho, na minyoo ikadhurika. Habari yenyewe haikuwa ya uongo. Majaribio ya namna hiyo yapo. Lakini yalihusu dawa nyingine za ukoo huo, kwa vipimo ambavyo mtu hapewi hivihivi, na panya hao hawakurudi ziwani kesho yake.

Hakuna aliyesoma hadi hapo. Obonyo, mchota mchanga mwenye ulimi mwepesi kuliko wote katika mashua hiyo, alisoma kichwa cha habari kwa sauti, mara mbili, kisha akamgeukia Dorca.

“Mama Winny, hata panya wa Wazungu wamepewa njano. Sisi tunapewa chokaa.”

Mjini Kisumu, kwenye duka lake la dawa mtaa wa pili kutoka soko, Mitesh amekuwa akishuhudia upande wa pili wa imani hiyo. Wateja kutoka ufuoni humwomba “dawa ya minyoo, ile ya njano”, na huitaka kwa pakiti.

“Nawaambia, bwana, hii ni ya mafua na mwasho,” anasema, akipanga maboksi bila kuinua macho. “Wananiambia, wewe Mitesh umewahi kuingia ziwani? Nasema hapana. Wanasema, basi uza.”

Huuza. Anasema akikataa, watakwenda duka la jirani, ambako hawataelezwa chochote. Hoja hiyo nayo haina jibu, na mwenyewe haonekani kuifurahia.

Ingekuwa imani tu, Dorca angeweza kubishana nayo. Tatizo lake kubwa ni kanuni.

Baada ya Jumanne ile, mashua ya Oketch haikutoka kwa siku mbili, na malori yalirudi Kisian matupu. Kamati ya ufuo ilikutana na kuamua kwamba dawa yoyote inayolaza wanaume itamezwa siku ambayo hakuna mashua inayotoka, na kwamba itamezwa na wote kwa pamoja au haitamezwa na yeyote. Uamuzi ulipitishwa bila pingamizi. Ulikuwa wa busara, mpaka mtu aulize siku hiyo ni ipi.

Jumamosi ni ya Wasabato. Jumapili ni ya waliobaki. Malori hayana dhehebu. Wanaosali leo hushikiwa zamu na watakaosali kesho, na mchanga huendelea kutoka. Opuk hufungwa kwa sababu moja pekee: mwenzao anapozikwa. Siku hiyo mashua zote hulala, wanaume wote hula nyumbani kwa marehemu, na hakuna anayetazamia mgao wa pesa za mchanga.

Kwa maneno mengine, ili mtu wa Opuk atibiwe kichocho, sharti kwanza mwingine afe.

“Niliuliza kamati, kwani hatuwezi kufunga siku moja tu?” anasema Dorca. “Wakaniuliza, tufunge kwa heshima ya nani?”

Mwezi wa tatu mwaka huu swali hilo liliacha kuwa la kanuni. Oketch alianza kuona damu chooni na kufungua tundu moja zaidi la mshipi wake kila baada ya muda. Sheryl, afisa wa kliniki katika zahanati ya karibu, alimpeleka kupigwa picha ya tumbo mjini. Ini lilikuwa limejaa makovu na bandama imevimba. Sheryl alisema makovu hayo hayarudi nyuma yote, lakini yanaweza kusimamishwa yasiendelee: ameze tembe nyeupe sasa, ameze tena baada ya wiki sita, kwa sababu dozi ya kwanza haiui minyoo michanga, kisha apigwe picha nyingine. Akiendelea kusubiri, mishipa ya tumboni itapasuka siku moja na atatapika damu, na zahanati haina la kufanya mtu akifikia hapo.

Sheryl alimwekea tembe mezani. Oketch hakuzigusa. Alirudishwa mara ya pili na ya tatu, na mara zote aliondoka kama alivyokuja.

“Mwanaume akimeza peke yake, watu watasema ni mgonjwa,” anaeleza. “Mgonjwa hashuki majini. Asiyeshuka hana mgao. Sasa nimepona nini?”

Alimkataza pia mkewe asimwambie mtu. Kwa hiyo, kwa miezi kadhaa, Dorca aliwauzia uji watu sita waliokuwa wakicheka na mume wake, huku akijua kilichokuwa chini ya fulana ya Oketch, na akisubiri kanuni ya kamati itimizwe na mtu ambaye bado alikuwa hai.

Aliyeitimiza alikuwa mzee Ouma, fundi wa mashua, aliyepita miaka themanini na kufariki kwa amani kitandani mwake. Mazishi yalipangwa Jumamosi.

“Nilimlilia Ouma, alikuwa mtu mzuri,” anasema Dorca. “Nikafuta macho. Nikapigia Sheryl simu.”

Sheryl alikubali kuja mwenyewe na kuketi chini ya hema, kwa sababu hakutaka ini kama lile limeze dawa bila mtu wa kulitazama. Kilichobaki kilikuwa vipimo. Idadi ya tembe hutegemea ukubwa wa mtu, na kwa kawaida wahudumu hutumia fimbo ndefu iliyochorwa mistari: mtu husimama kando yake, na mstari unaofika utosini unasema ameze ngapi. Ni njia rahisi, ya bei nafuu, na inayofanya kazi mahali pengi.

Ijumaa, mashua ilipofika, Dorca aliitoa fimbo hiyo na kuisimika mchangani karibu na sufuria. Wanaume walisimama mbali nayo kama ng’ombe waliooneshwa josho.

“Mama Winny,” Obonyo akaanza, “jana Ouma amepimwa na mti. Huo mti kesho unaenda na yeye kaburini. Leo unatuletea mti ingine. Kwani umeambiwa shimo ni kubwa?”

“Hii ni ya dawa, Obonyo. Ulisimama hapo mwaka jana.”

“Mwaka jana hakuna mtu alikuwa amekufa.”

“Siku zingine mnakataa sababu kuna kazi! Leo mnakataa sababu kuna maiti! Mnataka niwapime lini? Mkiwa tumboni kwa mama zenu?”

Kelele hizo zilisikika hadi banda la samaki. Wanawake wanaonunua mbuta, samaki mkubwa wa ziwa hili, waliacha kuhesabu na kuja kusimama karibu. Dorca anasema hakujali tena. Katika ufuo huu fundi wa jeneza hupima maiti kwa ufito, wachimba kaburi huutumia ufito uleule, na mtu mzima hasimami kando ya mti wowote wa kipimo wakati maiti haijazikwa. Siku pekee ambayo wanaume wanakubali kumeza ndiyo hiyo ambayo hawakubali kupimwa. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Ilitosha kila mtu kufuata utaratibu wake.

“Afadhali unipime na mizani ya mbuta,” alisema Obonyo, akitafuta kicheko.

“Panda,” alisema Dorca.

“Nini?”

“Umesema mizani. Ile pale. Panda.”

Mizani ya banda la samaki huning’inia kwenye boriti, na chini yake hufungwa gunia lenye mikanda. Obonyo alikuwa amesema mbele ya watu wengi mno asiweze kurudi nyuma. Aliingia guniani kama mtoto anayeingia bembeani, akakunja miguu, na sindano ikazunguka.

“Sabini na moja!” akapiga kelele mwanamke wa zamu ya mizani. “Nani ananunua?”

“Hiyo haina mafuta,” akajibu mwenzake. “Rudisha majini ikue.”

“Toa matumbo kwanza, mtadanganywa kilo!”

Kipimo cha uzito ni sahihi kuliko fimbo, jambo ambalo Sheryl alilithibitisha baadaye kwa simu kwa sauti ya mtu asiyetaka kuambiwa lilitekelezwaje. Wanaume wa Opuk, waliokataa kupimwa kama marehemu, hawakuwa na pingamizi la kupimwa kama samaki. Walipanda mmoja baada ya mwingine, wakitukanwa kwa bei.

Wa mwisho alikuwa Oketch. Alisema yeye anajua uzito wake. Obonyo akamwambia nahodha haogopi gunia. Akapanda.

Sindano ilisimama chini ya pale iliposimama kwa Obonyo, ambaye ni mwembamba kama mwanzi. Oketch alikuwa mtu mkubwa. Gunia lilikuwa limemkunja na fulana ikapanda, na watu wote walioizunguka mizani waliona tumbo lililotuna, gumu, likiwa na mishipa iliyochomoza juu ya ngozi, na juu yake mabega ambayo mifupa yake ilihesabika.

Hakuna aliyetaja bei.

“Omera,” alisema Obonyo kwa sauti ya chini, kama anayemwita ndugu, “hiyo tumbo ni ya nini?”

“Ya ugali.”

“Ugali gani inakula mikono?”

Oketch alishuka, akavuta fulana yake, akaenda kupakua mchanga. Hakumtazama mke wake. Hakuzungumza naye jioni hiyo wala asubuhi iliyofuata, na Dorca, ambaye siri haikutoka kinywani mwake, aliadhibiwa kwa siri iliyotoka chini ya fulana.

Jumamosi walimzika Ouma kabla ya saa nane. Mahubiri yalikuwa marefu kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliyeishi bila ugomvi. Chakula kilipogawanywa, Dorca alihakikisha kwamba watu wa mashua wamekula, akawazungukia sahani kwa sahani kama mwalimu wa bweni, kisha akafungua begi chini ya hema la nyuma. Sheryl alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na kipimo chake cha shinikizo la damu.

Mjane wa Ouma alitokea, akiwa ameshikwa mkono na binti yake, kuangalia kwa nini watu wamekusanyika nyuma ya nyumba yake.

“Mmekuja kuzika ama kutibiwa?”

“Yote mawili, Mama,” alisema Dorca. “Utusamehe.”

“Mama, hata Mzee hakuwahi kumeza hii kitu,” akadakia Obonyo, “na amefika themanini.”

“Mzee alikuwa seremala,” alisema mjane. “Alikuwa anatengeneza mashua. Nyinyi ndio mnaingia majini. Meza, uniachie viti vyangu.”

Dorca aligawa tembe nyeupe kulingana na kilo za jana. Wanaume walizipokea viganjani na kuzitazama. Hakuna aliyesogeza mkono mdomoni. Wote walikuwa wanamwangalia Oketch, na Oketch alikuwa anaangalia begi.

“Lete ya njano kwanza,” alisema.

“Baba Winny, ya njano ni baadaye. Ni ya atakayewashwa.”

“Nimesema kwanza.”

“Na mimi nimesema baadaye.”

Kelele za waombolezaji wengine zilisikika kutoka upande wa mbele. Mwanamke wa hapa anaweza kumkatalia mumewe mengi, lakini ana mahali pa kumkatalia, na mahali hapo si mazishini.

“Unanikatalia mbele ya watu?”

“Nyumbani nilikubembeleza mara tatu, hukusikia,” alisema Dorca. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, si ya mtu jasiri. “Hapa nakukatalia. Hao watu unaowaogopa jana walikuona. Wamekuja leo wamekaa na wewe. Hakuna mwenye amekufukuza kwa mashua. Sasa unaficha nini, na kwa nani?”

Oketch alimtazama Obonyo. Obonyo alitazama tembe zake.

“Mimi sitafuti nahodha mwingine,” alisema Obonyo. “Lakini bosi, usipomeza simezi. Na mimi nina watoto.”

Oketch alimeza. Alizimeza moja moja, kwa uji, bila kumwondolea mke wake macho, na baada ya ya mwisho akafuta mdomo.

“Nikianguka, Obonyo, ujue ni nani alinisukuma.”

“Tumesikia, Jaduong’,” alijibu Obonyo, kwa jina la heshima apewalo mzee.

Kisha wote wakameza.

Kilichofuata Sheryl alikuwa amekitabiri. Kabla ya saa kumi, vipele vilianza shingoni mwa Oketch, vikashuka mgongoni. Tumbo lilimkata. Watu wa mashua walimzunguka wakiwa na nyuso za mashahidi. Sheryl alimpima mapigo ya moyo na pumzi, akasubiri, akapima tena, akamwitikia Dorca kwa kichwa. Dorca alitoa tembe ya njano.

Oketch aliinywa, akalala kwenye mkeka nyuma ya nyumba ya Ouma, akakoroma. Alipoamka vipele vilikuwa vimepungua. Aliomba soda. Akapewa mbili.

Obonyo alisimama, akawageukia wenzake, akatoa hukumu.

“Mmeona? Nyeupe imemwangusha. Njano imemwinua tena.”

Wote wakaitikia. Dorca alikuwa anafunga begi. Alivuta zipu hadi mwisho.

Alipoulizwa baadaye kwa nini hakuwasahihisha, alijibu kama mtu aliyekwisha kujiuliza.

“Nilitaka kupiga mayowe. Nikaangalia, nikaona wote saba wamemeza. Baba Winny amemeza. Nikisema neno, wataanza kubishana. Wakianza kubishana, baada ya wiki sita hakuna atakayemeza. Wacha waamini njano. Bora njia ya kufika kwa njano inapitia kwa nyeupe.”

Sheryl hakubaliani naye, na alisema hivyo palepale. Kwa maoni yake, uongo ulioachwa hai utawarudisha wanaume hao dukani kwa Mitesh kununua pakiti. Hakukosea: Jumatatu iliyofuata, mashua ilipogusa ufuo, viganja vilinyooshwa kama kawaida. Wala Dorca hakukosea: ni viganja hivyohivyo vilivyokuwa vimepokea nyeupe siku mbili kabla. Mwongozo wa uhamasishaji uliomo kwenye begi la buluu hauna sura inayohusu hali ambayo pande zote mbili zina haki na kichocho kinaendelea.

Oketch bado anashuka majini. Obonyo amechukua beleshi la kwanza bila kuambiwa, na Oketch amehamia kuongoza mashua kwa upondo, kazi isiyomtumbukiza zaidi ya magoti. Hakuna aliyeitangaza kama huruma. Mgao haujabadilika. Alipoulizwa kama anaridhia hali yake iandikwe gazetini, alinyanyua mabega.

“Andika. Walinipima kama mbuta. Nifiche nini tena?”

Damu imeacha kuonekana chooni, anasema mkewe. Sheryl anasema hilo ni jambo jema na halitoshi. Minyoo michanga haikuguswa na dozi ya kwanza, na mtu aliye majini hata kwa magoti anaendelea kuongeza mingine. Dozi ya pili ndiyo itakayoamua kama picha ya tumbo itaonyesha ini lililosimama au linaloendelea kuharibika. Na Oketch, ambaye sasa anakubali kumeza, anakubali kwa sharti lilelile: pamoja na wenzake, siku ambayo ufuo umefungwa. Zahanatini, peke yake, bado haendi.

Ndiyo sababu Jumanne, baada ya kuuza uji wa mwisho, Dorca alivaa kitambaa safi kichwani na kwenda kwenye kikao cha kamati ya ufuo. Wajumbe walikuwa wamekaa kwenye mashua iliyopinduliwa. Oketch alikuwa nyuma yao, ameegemea upondo wake. Dorca alieleza anachotaka: siku moja, wiki sita kutoka mazishi ya Ouma, mashua zote zilale. Ataleta uji yeye mwenyewe, mizani iko, na Sheryl atakuja. Malori yaambiwe mapema.

Mwenyekiti, mzee Ondiek, alisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Ni mtu mwangalifu, na kamati yake haijawahi kufunga ufuo bila kutaja jina.

“Tumekuelewa, Mama Winny,” alisema. “Sasa tuambie. Ni nani amekufa?”

Dorca alimtazama mume wake, juu ya vichwa vya wajumbe, kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

“Bado, Jaduong’,” alimjibu mwenyekiti.